Hesabu ya Ncha

Miaka kumi na tisa nilichambua kahawa kiwandani Moshi,
nzima huku, iliyopasuka kule, nyeusi kwenye ndoo,
mpaka ikaletwa mashine yenye jicho
na sisi wenye macho tukapewa barua.

Sasa nachambua konokono.

Usicheke. Mama Aikande jirani
amekwisha kucheka kwa niaba yenu wote,
kashika kiuno katikati ya migomba:
"Ndelilio, hata konokono wana mshahara?"
Wanao. Mdogo.
Na kama wenyewe, huja polepole.

Chumba ni stoo ya zamani nyuma ya duka la pembejeo, Majengo.
Harufu ya dawa ya mahindi bado imo mbaoni.
Mifuko hufika na maandishi ya wino mweusi:
Shimo la Pili. Tabaka la Nne. Sentimita themanini.
Ndani, udongo mkavu, jivu,
na masalia ya mlo wa watu
waliokula, wakatupa, wakahama,
wasijue kuna mjane atakuja kupepeta taka zao
kwa brashi ya meno na chekecheke la chai.

Somo la kwanza alinipa Elinami, mtafiti,
kijana wa Marangu mwenye kucha chafu kuliko zangu:
Usihesabu vipande, mama. Gamba moja huvunjika ishirini.
Hesabu ncha.
Kila konokono ana ncha moja tu,
pale alipoanzia, padogo kama kichwa cha pini,
na umri wake wote aliuzungusha kutoka hapo.

Na kome wa mtoni, wenye makombe mawili, tafuta bawaba:
za kushoto huku, za kulia huku.
Arobaini na moja za kushoto.
Thelathini na tatu za kulia.
Nane hawana wenzao.
Mimi pia, tangu Mei ya mwaka juzi,
nahesabika kwa upande mmoja.

Lakini wasemaji hasa ni wale wadogo kama ulezi.
Hao hakuna aliyewala.
Hawaishi ila chini ya majani yaliyooza,
penye kivuli kizito, penye umande hadi saa sita mchana;
na kule tambarare chini ya reli, walikochimbuliwa,
leo ni miiba, mbuzi, na mabati yanayolia kwa jua.
Namweka mmoja chini ya kioo cha kukuzia
na msitu mzima unanidondokea usoni.

Jumanne nikapata mzuri kuliko wote:
mzima, mzito kidogo, rangi ya chai ya maziwa,
hata mng'ao wake hajaupoteza.
Nikaita kwa sauti, kama niliyeokota pete.
Elinami akaja, akamgeuza, akamnusa.
"Huyu si wa tabaka hili, mama.
Kashuka mwenyewe kiangazi cha juzi juzi,
akichimba, akitafuta unyevu, kafia humo.
Mgeni. Usimwandike."

Saa kumi na moja mlima ulijifunua juu ya paa la soko.
Theluji imebaki kama ukoko
pembeni mwa sufuria iliyokwisha kukombwa.
Watu wakapita na nyanya zao, hakuna aliyeinua kichwa.
Nikakaa na yule mgeni kiganjani,
aliyeshuka sentimita themanini gizani, peke yake,
kwa sababu juu palikuwa pamekauka.

Nikafungua daftari.
Ncha: mia mbili na kumi na mbili. Hiyo kwa wino.
Chini yake, kwa penseli, herufi ndogo:
Mgeni, mmoja. Alikuwa na kiu.

Asubuhi nilikuta Elinami ametangulia kufika,
chai yake inapoa juu ya lile lile daftari.
Hakusema neno.
Hakufuta.
Penseli ilikuwa imechongwa upya.

Nikavuta stuli, nikafungua mfuko
wa sentimita tisini.